Bado Hayajawa Moto

Hapa Munje, mwanamke akijifungua, mkunga alikwenda zake na mama mdogo wangu, Mbeyu, akaitwa. Alikuja na leso zake kuukuu na majani ya mwarobaini, akainjika sufuria, akatia mkono majini kupima, kisha akaanza kumkanda mzazi: leso ichovywe, ikamuliwe, igandamizwe tumboni, kiunoni, mgongoni, kila siku mpaka arubaini. Wenye viuno vilivyochoshwa na jembe aliwakanda kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani.

Mzazi akipiga kelele, yeye alisema, "Vumilia, mwanangu. Maji yasiyochoma hayakandi."

Nasi tuliokaa mkekani tuliitikia, "Vumilia!" Mimi mwenyewe nililia mikononi mwake kwa kila mtoto niliyemzaa, na kiuno changu ni kizima mpaka leo.

Mwaka jana akajifungua Yusra, mke wa mwanawe wa pekee, Alamin. Mama mdogo alitia mkono katika sufuria, akasema, "Bado hayajawa moto." Akachochea kuni. Leso ilipomgusa Yusra mgongoni, alipiga ukelele uliotutoa machozi ya kicheko, maana ndivyo tulivyozoea. Tukamwambia avumilie. Leso ilipoinuliwa, ngozi ilikuja nayo.

Yusra alipotoka hospitali, Alamin alimpeleka kwao Bodo pamoja na kitoto, naye akahamia huko huko. Hakupiga tena simu kwa mamake.

Na hao wanawake wa mkekani! Wale wale waliopiga kelele za "vumilia" wakageuka mahakimu. Eti ni wivu wa mama mkwe. Eti alimchoma kusudi kwa sababu mwanawe anampenda mkewe kupita kiasi. Tenda wema wende zako, wahenga walisema, lakini hawakusema utatemewa mate njiani. Nilikuwa na hasira nao, na bado ninayo. Mama mdogo mwenyewe hakujitetea. Alitaka jambo moja tu: kumpakata mjukuu wake, ambaye hata jina lake aliambiwa na watu.

Wiki iliyopita nilimkuta ameshindwa kusimama kwa maumivu ya magoti. Mganga hajigangi, na hakuna aliyekuja kumkanda, katika wote aliowakanda. Nikainjika maji. Yalipoanza kutoa mvuke nilichovya ncha ya kidole, nikakitoa mbio. Yeye akajivuta, akatumbukiza mkono mpaka kifundoni, akautuliza humo.

"Bado hayajawa moto, Warda," akasema. "Ongeza kuni."

Niliushika mkono ule nikautoa kwa nguvu. Ulikuwa mwekundu, naye ananishangaa. Wallahi, nilifurahi! Nilifurahi kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi. Nikatoka uani nikampigia Alamin, nikamwambia mamake hakukusudia, vidole vyake havina hisia, masikini hakujua.

"Nataka nimsikie mwenyewe," Alamin akasema.

Nikarudi, nikaiweka simu mkekani, spika ikiwa wazi, wala sikumwambia mama mdogo kuna nani.

"Mama mdogo, vidole hivi vimekufa ganzi tangu lini?"

Alivitazama. "Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Vilianza kwa kuwasha, kisha vikanyamaza."

"Kabla ya Yusra?"

"Kabla."

Nilitaka kuichukua simu, lakini nilikuwa nimeshauliza: "Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniita tena? Mimi ni nani hapa Munje bila ya kukanda? Nikawa nasikiliza kelele zao, nikajua maji yametosha. Yusra naye alipiga kelele. Lakini nyote hupiga kelele."

Simu ikasema, taratibu, kwa adabu aliyofunzwa na mamake mwenyewe, "Shikamoo, mama."

Uso wa mama mdogo ukafunguka kama wa msichana. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaiinamia.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Mjukuu wangu hajambo?"

Alamin alikuwa ameshakata.