Nyimbo Zisizo na Ngoma

Katika duka la kujaza nyimbo kwenye flashi, hapa Runyenjes, mzee mmoja aliegemea kaunta akisikiliza gitaa lake mwenyewe. Ni mwanamuziki wa roki ambaye nyimbo zake bado tunazicheza harusini, ila si zile za miaka kumi iliyofuata kifo cha mpiga ngoma wake, ambaye pia alikuwa ndugu yake. Hizo tulisema zimepoa.

Aliyeziitisha siku hiyo ni mke wa mdogo wa mzee huyo, mwenye mtoto mchanga mgongoni.

"Hizi watu hawataki, mathe," muuzaji alimwambia. "Hazina ngoma."

"Wewe weka tu."

Nikasikiliza. Kila mahali ngoma ingepigwa, gitaa lilisimama, likangoja, ndipo likaendelea. Sisi wapenda mdundo tuliita huo udhaifu. Kumbe alikuwa akimwachia mtu nafasi yake.

"Shemeji," yule mama akasema, "vijana wangu wawili walichukua majina ya babu zao. Huyu wa tatu, kwa mila, achukue jina la ndugu yenu marehemu. Lakini tangu mazishi hujawahi kulitaja, na bwanangu anasema hawezi kukutangulia, wewe ndiye mkubwa. Jumapili pasta akiuliza jina, nimwambie nini? Baby?"

Muuzaji alicheka, kisha akapunguza sauti ya muziki.

Mzee alivua kofia, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Njiru," akasema.