Nguzo ya Kuanikia Nguo Iliyochanua

Enzi zetu kule Kamenge, wakati nguo za nyumba nzima zilipofuliwa kwa mikono, kamba ya kuanikia ilikuwa na heshima yake. Ya kwetu ilifungwa upande mmoja kwenye msumari wa jikoni, na upande wa pili kwenye nguzo ambayo baba yangu, Zakaria, aliitoa kwa wakwe zake milimani. Lilikuwa tawi la umurinzi, ule mti ambao wazee walikuwa wanaupanda mlangoni ulinde nyumba, na jina lake maana yake ni hiyo hiyo, mlinzi. Gome lake ni nene, tena lina miiba. Hakuna shati letu ambalo halikuwa na alama yake. Baba alichimba shimo, akashindilia mawe, akafunga kamba, akaona kazi imekwisha.

Mvua ziliponyesha, jirani yetu Mama Feza, mwanamke wa Uvira mwenye sauti ya kufika sokoni, akapiga kelele juu ya ua:

“Mama Yosefina! Njoo uone, nguzo yako imeota majani! Sasa utaanika nguo ao utavuna mboga?”

Yosefina ni mimi, mtoto wa kwanza. Nilikimbia na mdogo wangu Nyandwi, tukakuta ni kweli. Majani mabichi yametoka kwenye kitu tulichokuwa tunakijua kama nguzo! Tulitaka kujua kinakunywaje maji na hakina mizizi. Nyandwi akachukua kijiko cha kupakulia maharagwe, akaanza kuchimba aone mwenyewe. Mama akamwona kwa dirisha, na kandambili ikafika kabla yake.

“We mutoto! Mutu akilala unamufunua uone kama anapumua?”

Basi tukaacha kuchimba, ila kila asubuhi kabla ya shule tulipita kuutazama. Ukanenepa, ukatupita urefu, ukakata kamba ya kwanza, baba akafunga nyingine. Tulikula ndagala, dagaa wa kwetu, na ugali chini ya kivuli chake, tukinusa sabuni na nguo mbichi juu ya vichwa vyetu. Lakini ua hatukuliona hata moja.

Halafu kikaja kiangazi kimoja, majani yakaanguka yote. Mti ukabaki mifupa. Baba alizaliwa Rumonge, kwenye michikichi, na mchikichi hauvui nguo zake hata siku moja. Kwake yeye mti usio na majani ni maiti.

“Mama Yosefina, muti umekufa. Jumamosi naukata, naweka chuma.”

“Sawa, Baba Yosefina,” mama akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi baba akanoa panga. Alipotoka nje, akakuta mashuka yote ya nyumba yako kwenye kamba, yanadondosha maji.

“Ngoja yakauke,” mama akasema.

Yakakauka jioni, na jioni baba alikuwa na kwaya. Jumamosi iliyofuata zikawa blanketi. Iliyofuata tena, mapazia, na gunia la mchele, na kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na doa hata moja. Tulilala kwenye blanketi zenye unyevu, tukaenda shule tunanuka sabuni kuliko watoto wote wa Kamenge. Mama Feza akashindwa kunyamaza.

“Weye! Kwenu kuna harusi ao kuna wazimu? Hata gunia munafua?”

Siku ambayo sitaisahau, baba aliapa kwamba leo ni leo. Akaamka mapema kuliko jua. Lakini mama alikuwa amemtangulia: suruali zake zote, ya kazi na ya kanisani, zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Baba yangu, mtu mzima, msimamizi wa kwaya, akasimama uani amejifunga kitenge cha mama chenye maua ya njano, panga mkononi. Mama Feza akachungulia, akashika ua asianguke kwa kucheka. Baba akarudi ndani, na panga lake.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo. Nyandwi alitoka kukojoa alfajiri, akarudi anapiga kelele kwamba mti unawaka moto. Tukatoka mbio, baba naye. Kwenye matawi matupu, bila jani hata moja, maua mekundu yalikuwa yamesimama kama makaa kwenye jiko la mbabula. Ndege wadogo wenye midomo mirefu walikuwa wameshafika kabla yetu. Sijui nani aliwaambia. Baba akauzunguka mti wote akitazama juu. Akasema neno moja tu: “Kumbe.”

Sisi wasichana tulibandika yale maua kwenye kucha kwa mate, tukatembea kama wake za wakubwa wa Kiriri. Mbegu zake, nyekundu zenye doa jeusi, tulichezea bao, na mama akatuonya kila siku tusitie mdomoni, ni sumu.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza, “Mama, ulijua kwamba utachanua?”

“Apana. Miti ya kwetu milimani niliijua. Ule ulikuwa nguzo. Mi nilitaka tu kuona.”

Sasa naishi Kinanira kwa mwanangu Deo. Tulipouza kiwanja cha Kamenge nilikata tawi, nikalipanda hapa. Aliyenunua aliung'oa ule mti wetu, kwa hiyo umebaki huu. Kiangazi hiki majani yameanguka. Labda unajiandaa, labda pave, haya matofali yaliyotandazwa uani, zimeuua. Sijui. Mjukuu wangu Kelia aliupiga picha akauliza simu yake, simu ikajibu ni fimbo. Watoto wa siku hizi jibu wanalipata kabla swali halijawasumbua. Sisi swali tulilala nalo, tukaamka nalo, na lilikuwa tamu.

Claudine, mke wa Deo, alisema kwa heshima, “Mama, muti wako umekufa. Jumamosi tunaleta mutu wa kuukata.”

“Sawa, mwanangu,” nikajibu.

Jumamosi Deo akaja na mtu wa panga. Akakuta nimefunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye mti, na mashati yake ya ofisi yote yako juu, yanadondosha maji.

“Mama, si mashine ya kufua iko?”

“Mashine inakula vifungo.”

Akayatazama mashati, akanitazama mimi. Hadithi ya babu yake na kitenge anaijua tangu utoto. Akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia yule mtu aende, watapigiana simu.

Kelia akaja kusimama kando yangu, safari hii simu ameiacha ndani. Akagusa gome kwa kidole.

“Nyogokuru, kweli utachanua?”

“Sijui.”

“Sasa Jumamosi ijayo tutafua nini?”

Nikamwambia aanze kuyatoa mapazia madirishani.