Vunjajungu wa Asubuhi ya Idi

Sisi tuliokulia Mpendae wakati nyuma ya nyumba bado kuna vichaka, hatukufundishwa majina ya wadudu na miti kwa kitabu. Tuliyakuta yanatungoja. Ukutani alikuwapo mjusi kafiri, na hakuna aliyetueleza ukafiri wake aliupatia wapi. Njiani kulikuwa na kifauongo, kimea kinachokunja majani ukikigusa, kikajifanya kimekufa. Tulichutama tukingoja kifufuke mpaka tukachelewa chuoni kusoma Kurani, na mwalimu hakutaka kusikia habari za majani. Tukipelekwa shamba tuliwaona kima punju. Punju ni sumu, na wazee walisema mbwa akimla kima yule hunyonyoka manyoya. Sikumwona mbwa hata mmoja aliyenyonyoka, lakini niliamini, na mpaka leo naamini kidogo.

Watoto wa siku hizi nawaonea huruma. Binti yangu anamjua kangaruu na chakula chake, kwa kuwa simu imemwambia. Akiona kitu chenye miguu sita uani kwetu, hupiga kelele, "Mama, mdudu!" Wote jina lao moja.

Kwetu sisi mkubwa wao alikuwa vunjajungu, yule wa kijani mwenye shingo ndefu, anayekunja mikono mbele kama anayeomba dua. Ilijulikana kwamba ukimgusa, siku hiyo lazima uvunje chombo. Kwa hiyo aliyemgusa haoshi vyombo. Mimi, sifichi, nilikuwa nikimsaka vichakani kila ikikaribia zamu yangu, na dada yangu aliosha masufuria mengi yasiyomhusu.

Idi moja asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, hakuna aliyetoka nje. Mama alikuwa na kazi za watu watatu. Akatutangazia, "Atakayevunja kitu leo, Mnazi Mmoja ataisikia kwa wenziwe." Gauni langu jipya la manjano lilikuwa limetundikwa mlangoni, na kila nikipita nililishika pindo. Nilikuwa nimeshapanga pembea nitakayoanza nayo kule Mnazi Mmoja, kwenye viwanja vya sikukuu.

Bibi, mzaa mama, alikuwa amekuja kutoka Makunduchi na chungu chake cha udongo, maana mchuzi wa Idi hakukubali kuupika kwenye kingine. Alinituma nikakisuuze. Kikaniteleza. Nilibaki na ukingo wake mkononi, vipande vingine sakafuni, nikaanza kulia. Sikulilia chungu, nililia Mnazi Mmoja.

Mama akatokea mlangoni. Kabla hajafungua mdomo, Bibi akaita, "Zuhura!"

"Naam, Bibi."

"Leo umemgusa vunjajungu?"

Nikamtazama. Alikuwa ananitazama vilevile, hana haraka.

"Nshamgusa, Bibi."

"Basi," akamwambia mama, "kavunja vunjajungu. Mtoto mwache akavae."

Mama alitazama mvua, akamtazama mama yake, akachukua ufagio. Mchuzi ulipikwa kwenye sufuria, na Bibi aliula vivyo hivyo. Mchana mvua ilikatika, nikaenda Mnazi Mmoja na gauni langu.

Vichaka vya Mpendae sasa ni kuta na mageti. Nyumba ni nzuri zaidi, siwezi kukataa, na mvua haingii ndani. Lakini vunjajungu simwoni tena, na nimegundua kwamba alikuwa akibeba mengi. Siku hizi kitu kikivunjika, hakuna wa kusingizia isipokuwa mtoto.

Wiki iliyopita binti yangu aliangusha bakuli la kioo nililopewa harusini. Alikuja mwenyewe, mikono nyuma, akasema, "Mama, nimelivunja mimi." Nikamgombeza mpaka jirani akazima redio asikilize. Nilikuwa nimemuahidi kumpeleka Forodhani jioni ile, na sikumpeleka. Mimi nilisema uongo nikaenda sikukuu. Yeye alisema kweli, akashinda ndani analia.