Rangi ya Mpunga wa Mama

Filamu ya Wafaransa ilipofika kwenye laptopu yangu, sikuanzia mwanzo. Niliisogeza mbele moja kwa moja hadi pale mama yangu anaposimama katikati ya shamba lake la mpunga kule Idsowe, akitazama mto. Nilitaka kuliona shamba. Mama mwenyewe ninamwona kila siku.

Shamba lilikuwa la manjano.

Nilidhani ni skrini. Niliongeza mwanga, nikapunguza, nikaitoa laptopu nje kwenye kivuli, nikaifungua picha ileile kwenye simu. Ikabaki manjano, ile ya makuti yaliyokaa paani miaka. Mbingu ilikuwa nyeupe kama iliyochemshwa. Uso wa mama ulikuwa mzuri ajabu, una rangi ya shaba, kila kunjo limetulia mahali pake, na nyuma yake kulikuwa na ardhi iliyoonekana kama haijapata mvua tangu nizaliwe. Nami nilikuwepo siku ile. Nilikuwa mkalimani wao, nimesimama matopeni hadi magotini nikishikilia mwavuli wa kamera. Mpunga ulikuwa wa kijani, kijani kile kinachoumiza macho jua likipiga.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa suala la sanaa. Kwetu lilikuwa suala la ardhi. Baba alikuwa amefariki kabla ya msimu huo. Katika ukoo wetu mjane anayelima haondolewi shambani, lakini akiliacha lirudi kuwa kichaka, ndugu wa mume wana ruhusa ya kulitaka. Mama alilima. Alipanda, akapalilia, Wafaransa wakaja wakampiga picha, wakaondoka. Kisha mto ukatoka kingo zake kabla ya mavuno, ukazoa mpunga, ukazoa na alama za mipaka. Maji yalipokauka, baba mdogo akasema kwamba shemeji yake msimu ule hakupanda kitu, kwamba alikuwa amehamia kwangu Garsen, na kwamba shamba lilikuwa limelala. Wazee wa ukoo, ambao sisi tunawaita gasa, walikuwa wakae wagawe upya sehemu ile ya mto.

Mama alikuwa na jibu moja tu. "Niko kwenye filamu." Aliwaambia wauza samaki, akawaambia wenzake wa kwaya, akamwambia baba mdogo mwenyewe. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinaingoja filamu ambayo hakuna aliyejua jina lake. Mimi niliipata mapema kwa sababu nilipewa kazi ya kuandika manukuu ya Kiswahili, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Na sasa nilikuwa nimeushika ushahidi wa mama mkononi, nao ulionyesha ukame.

Baba mdogo, kwa upande wake, alianza kuwa na adabu kupita kiasi. Kila tukikutana stendi ya Garsen alininunulia soda.

"Binti, hiyo filamu bado?"

"Bado, baba."

"Msiharakishe. Mambo mazuri yapikwe polepole."

Nilikunywa soda zake zote, na sikuiamini hata moja.

Lazima niseme kwamba sikuwa mgeni wa filamu za Kifaransa. Chuoni tulikuwa na kilabu, na Ijumaa tulionyeshwa watu wakinywa kahawa dirishani bila kusemezana, jikoni kwenye mwanga wa buluu kama wa zahanati. Ngozi zao zilionekana kama za watu ambao hawajalala. Niliandika makala ndefu kuhusu huzuni ya Wafaransa. Mhadhiri alipenda. Sikuwahi kujiuliza ile buluu ilitoka wapi. Nilichukulia kwamba jua la kwao ndivyo lilivyo. Mimi, niliyekuwa nikimuuliza mchungaji maswali hadi akawa ananikwepa mlangoni mwa kanisa, niliipokea buluu ile kama mtoto anavyopokea uji.

Sasa nilitaka kujua. Nilimwandikia mtayarishaji, naye akaniunganisha na mtu wa rangi, mwanamke wa Paris ambaye kazi yake ni kukaa kwenye chumba cha giza na kubadilisha rangi za filamu baada ya kila kitu kwisha: baada ya waigizaji kulipwa, baada ya vipande kuunganishwa. Tuliongea kwa simu ya video. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha na changu cha shule, tukaelewana vizuri.

"Umelikausha shamba la mama yangu," nilimwambia hata kabla ya salamu kwisha.

"Sijalikausha. Nimelitia joto."

"Joto la nini?"

"La kumbukumbu. Kwenye hadithi, mtoto yuko Paris, anamkumbuka mama yake. Kumbukumbu ni ya moto, Paris ni ya baridi. Mtazamaji lazima ahisi tofauti kabla hajaambiwa."

"Na kwa nini sisi ndio huwa tunakaushwa?"

Hakukasirika. Aliniambia ningoje, akafungua picha nyingine: jiko la yule mtoto wa kwenye hadithi huko Paris, jinsi lilivyo kwenye filamu, buluu na kijivu, pembe zimezama gizani. Kisha akabonyeza kitu. Jiko lilelile likawa na pazia la rangi ya chungwa, jua limejaa mezani, na mwigizaji anang'aa jasho kwenye paji la uso.

"Siku hiyo kulikuwa na joto kali, sote tulikuwa tunalalamika," alisema. "Nilitoa wekundu kwenye ngozi. Nikashusha mwanga wa dirisha. Nikaongeza buluu kwenye vivuli. Ndipo akawa mtu mwenye huzuni. Kabla ya hapo alikuwa mtu mwenye kiu."

Nilicheka, halafu nikajizuia. Makala yangu ya chuo ilikuwa imesifu huzuni iliyowekwa kwa kidole na mwanamke aliyekaa na biskuti kando ya kibodi. Lakini nilichowaza zaidi ni kwamba hata hiyo picha ya "kabla" ni yeye aliyenionyesha. Mtu anayeweza kutoa jua anaweza pia kulitia.

"Nionyeshe shamba kabla hujaligusa hata kidogo," nikasema.

Alisita, akasema sitaipenda. Na kweli. Ilikuwa ya kijivu. Shamba lote, mto, mama, vyote vilikuwa kama vimepakwa uji mwepesi. Hakukuwa na kijani, wala hakukuwa na manjano. Alieleza kwamba kamera zao huhifadhi picha hivyo makusudi, iliyofifia, ili mtu wa rangi awe na nafasi ya kufanya kazi.

"Hii ndiyo picha ya kweli?"

"Hii ni picha ambayo haijaamuliwa."

Nilikuwa nimeenda kwake nikiamini kwamba mahali fulani Paris kuna kijani cha mama kimefichwa, na nikipiga kelele za kutosha watakirudisha. Hakikuwepo. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Wewe ulikuwepo. Niambie kijani gani, nikuwekee."

Akaanza kuvuta. Kijani cha ndimu. Kijani cha chupa. Kijani cha majani ya mgomba.

"Hicho. Hapana, rudi. Hicho cha kabla yake."

"Hiki?"

"Sijui."

Sikujua. Nilikuwa nimesimama ndani yake siku nzima, na sikujua. Na nikaona jambo lingine baya zaidi: kama ninaweza kuagiza kijani kama mtu anavyoagiza rangi ya kiti, basi baba mdogo naye anaweza kuuliza ni nini kingine nilichoagiza. Halafu ipo siku filamu yenyewe itatoka, itakuwa ya manjano, na atasema tuna filamu mbili, ya wazungu na ya shemeji. Nikamwambia aache. Nikaomba ruhusa ya kuwaonyesha wazee kipande kile kimoja kama kilivyo, mtayarishaji akakubali.

Mama nilimkuta anafua.

"Mama, filamu imelifanya shamba liwe la manjano. Baba mdogo atasema lilikuwa limekauka."

"Huyo atasema hivyo hata akiliona la buluu." Akakamua shuka. "Mimi nimetokea vipi?"

"Umependeza."

"Basi wapelekee."

Gasa ilikaa Idsowe kwenye darasa la chekechea. Tulifunika madirisha kwa kanga ili laptopu ionekane, na wazee wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamepanda karibu na videvu. Mama alikaa ukutani. Karibu naye alikaa mwanamke aliyekuwa jirani yake wa shamba, ambaye baada ya mafuriko alihamia Tarasaa na asubuhi hiyo alikuwa amefika kwa wito wa mama. Baba mdogo alichagua kiti cha mbele.

Nilibonyeza. Mama akasimama kwenye mpunga, akatazama mto, upepo ukapita, kipande kikaisha. Mzee aliyeongoza kikao akainama karibu na skrini.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Mpunga umeiva," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Wengine nao wakasogea. "Umeiva, ndiyo." "Tena umechelewa kuvunwa, ungepukutika huo." Mmoja akampongeza mama. Nami nikasimama pale na digrii yangu, nikiona aibu ya aina yake: wiki nzima nilikuwa nimeitazama manjano ile kama mtu wa Paris. Niliona ukame. Wao waliona mavuno. Shamba la mpunga likiwa la manjano linakuwa limeiva. Kila mtu aliyekua pale anajua, hata mimi.

Baba mdogo akainuka. Hakuwa na haraka.

"Wazee wangu, hii ni filamu ya kuigiza. Shemeji mwenyewe alitusimulia: huyu mama hapa ndani ana mtoto Ulaya. Shemeji, una mtoto Ulaya?"

"Sina," mama akasema.

"Hana. Basi kama mtoto ni wa kuigiza, mpunga unashindwaje kuwa wa kuigiza?" Watu wakacheka, na hata mimi nilikaribia. Kisha akanigeukia. "Binti, wewe umesoma, na ulikuwepo. Siku ile mpunga ulikuwa umeiva?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Ulikuwa wa kijani," nikasema. "Bado kuiva."

"Na hii manjano imetoka wapi?"

"Paris."

Kicheko kikubwa zaidi. Baba mdogo hakucheka. "Wameweka rangi Paris. Sasa mtu anayeweza kuweka rangi, atashindwa kuweka mpunga?"

Lilikuwa swali langu. Ningekuwa sina mama pale ningemsifu. Nilianza kueleza: picha ya kijivu, nafasi ya kufanya kazi, kumbukumbu ya moto na Paris ya baridi, jinsi rangi inavyobadilishwa bila kitu kilichosimama mbele ya kamera kubadilika. Kila sentensi iliyotoka ilikuwa ya kweli na kila moja ilimzamisha mama kidogo. Niliona nyuso za wazee zikijifunga. Walikuwa wameiamini filamu hadi pale nilipoieleza.

"Binti, kaa," mzee akasema. "Hiyo mashine funga." Akamgeukia jirani. "Wewe shamba lako lilipakana na la huyu. Uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Mpunga, mzee. Umeiva, manjano mashamba yote, hadi nikamwonea wivu."

Nilimtazama. Walipanda wiki moja, yeye na mama. Baada ya mafuriko nilimsikia kwa masikio yangu akilia kwamba mto umemchukulia mpunga mbichi, suke bado lina maziwa. Sasa alikuwa anaongea kwa utulivu wa mtu anayeona kitu mbele yake, na kwa kweli alikuwa amekiona, dakika chache zilizopita, kwenye laptopu juu ya meza ya mwalimu. Sikuweza kujua kama alikuwa anasema uongo ili amsaidie mwenzake au kama kijani alichokikumbuka nacho kilikuwa kimeshaondoka. Nilitaka kuuliza. Mama aliinua macho, akanitazama mara moja tu, na nikaliacha swali.

"Imetosha," mzee akasema. Shamba lilikuwa limelimwa msimu ule, libaki la mjane, kesho vigingi vya mpaka vipigwe.

Baba mdogo alinikuta nje nikikunja kanga za madirisha.

"Leo umenisaidia sana, binti. Kidogo tu nishinde."

"Nilikuwa upande wa mama."

"Haikuonekana," akasema, na akaenda zake akisalimia watu.

Kesho yake tulikuwa shambani, mimi na mama na mzee mmoja wa kushuhudia. Udongo ulioletwa na mto ulikuwa laini, kigingi kinaingia kwa mapigo machache. Mama alishika ncha moja ya kamba na mimi nyingine. Nilijaribu kulikumbuka shamba lilivyokuwa siku ile, nikiwa nimesimama na mwavuli, na kila nilipolileta lilikuja la manjano. Hilo lilinitia hofu kuliko kikao kizima.

"Mama."

"Vuta kamba."

"Ule mpunga ulikuwa wa kijani, sivyo? Siku ya Wafaransa."

Alipiga kigingi, akakijaribu kwa mguu kama kimekaa.

"Mama, nakuuliza."

"Ungeiva," akasema. "Haya, vuta kamba, inalegea."