Mkono wa Kushoto Mfukoni
"Fundi wa chini atatuchoma sote, Mama Tuhin," Bi Monowara wa ghorofa ya tatu alikuwa ameapa. "Jana ngazi nzima ilinuka waya unaoungua." Kwa hiyo Rokeya alishuka, mwanawe Tuhin kiunoni, kumwomba fundi aache. Alimkuta ameinamia pawa saplai, kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme, mpya, kifuniko wazi, ubavuni imeandikwa wati elfu moja. Fundi huyu haamini maandishi. Kwanza huipima uzito kiganjani, huinusa, halafu huiunga na koili za jiko la umeme na kuilazimisha ibebe mzigo wote, maana kama inadanganya, afadhali ilipuke kwake kuliko chumbani kwa mtoto wa watu. Mkono wake wa kushoto hautoki katika mfuko wa nyuma, ili umeme ukimpiga usipitie moyoni. "Mia sita," alisema polepole, kama anayebembeleza mtoto alale. "Mia nane." Koili zikawa nyekundu, feni ikaanza kulia. Akapeleka ncha za kipimo ndani ya ile saplai, ingali inawaka.

"Kaka, si uizime kwanza?"

"Ikizimwa haisemi ukweli, shemeji." Akatazama pale aliposimama Rokeya. "Hapo husimama mke wangu. Leo kaenda kliniki." Akamsogezea mwanzi mkavu kwa mguu. "Mweke mtoto nje ya kizingiti. Ukiona umeme umenishika, wewe usinishike. Nipige kwa mwanzi mkono huu wa kulia, kwa nguvu zako zote."