Kifua cha Kaka, Kidevu cha Dada

Wiki iliyopita, kwenye kliniki moja ya Riverdale Park, huku ughaibuni, mwanamume aliyekuwa mbele yangu alimnong'oneza karani, Mkenya mwenzetu, kwamba ameota matiti na anaona haya kuvua shati.

"Pole sana, kaka," karani alisema. "Bima italipia upasuaji. Hiyo ni tiba."

Akafuata mama wa Kitanzania na binti yake, aliyelelewa kama mvulana na sasa anaishi kama mwanamke. Binti alijiziba kidevu kwa mtandio. Daktari alikuwa ameandika barua kwamba aondolewe ndevu kabisa, kwa sababu abiria humtukana kwenye basi na sasa anaogopa kwenda kazini.

Karani hakumaliza kuisoma barua hiyo. "Huo ni urembo, mama. Mwambie anyoe."

"Yule kaka anaumwa wapi, mwanangu?" mama akamuuliza karani.

"Haumwi. Lakini mwanamume ataishije na kifua kile?"

"Na binti yangu ataishije na ndevu?"

Karani aliirudisha barua kwa ncha za vidole. "Anayefuata!"

Nani aliamua kwamba mwanamume akiuonea haya mwili wake ni mgonjwa, lakini binti huyu akiuonea haya wake anajipamba?