Feni ya Aliyekuja Kuposa

Kompyuta yangu ilianza kukwaruza mwezi uleule ambao binti yangu aliletewa posa, na aliyeposa ndiye aliyekuwa ameitengeneza. Ndiyo maana sikuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Nilistaafu nikiwa mchapaji wa ofisi. Tangu hapo nachapa nyumbani kwangu Chumbageni, kwenye chumba cha mbele: wasia, hati za mirathi, barua za maombi, kadi za harusi. Nilianzia kwenye taipureta, na mtu wa taipureta husikiliza mashine kabla ya kuitazama. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikiwa jikoni naweza kujua nani anachapa sebuleni na amekosea wapi.

Mchana mmoja umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, na mara ya tatu uliporudi kompyuta ilitoa harufu ya kuungua ikazimika. Binti yangu, muuguzi, akaniambia anamfahamu fundi mzuri. Sikumuuliza anamfahamu kutoka wapi. Fundi akaja, kijana wa miaka thelathini hivi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akaichukua, na baada ya siku mbili akairudisha ikiwa inawaka. Nikamshukuru. Wiki moja baadaye shemeji yangu wa Pangani, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba kwa binti yangu, akanipigia simu.

"Shemeji, nimeletewa barua ya posa. Wazee wake wamekuja kwa adabu. Kijana mwenyewe anasema unamjua, alikutengenezea kompyuta."

Kumbe alipokuwa amepiga magoti nyuma ya meza yangu na bisibisi mkononi, alikuwa anakagua mengine.

"Nipe muda," nikamwambia.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuisikia vizuri ile sauti. Nikiwa nachapa, kimya. Nikiinuka kumimina chai, inaanza: krr, krr, krr, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Nikirudi nikafungua faili kubwa au nikaanza kuprinti, inageuka mvumo laini na ule mkwaruzo unapotea. Mashine zote nilizowahi kutumia hulalamika zikipewa kazi. Hii ililalamika ikiachwa ipumzike.

Nikaanza kuwaza. Wazo la kwanza, kijana kachukua kifaa changu kizima akanipachikia chake kibovu. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi: kuna mtu anaitumia kompyuta yangu kwa mbali kila ninapoondoa mikono. Humo ndani mna wasia za watu ambao bado wako hai, na watoto wao hawajui kilichoandikwa. Nikachomoa modemu ya intaneti. Ikaendelea kukwaruza. Nikaigeuza nikatazama skrubu za nyuma: tatu nyeusi, moja nyeupe. Ningeapa kwamba zamani zote zilikuwa nyeusi, ingawa kusema kweli sikuwahi kuzitazama.

Nikamtilia shaka na binti yangu. Niligundua kwamba akiingia chumba cha mbele na kompyuta inakwaruza, hasemi kitu. Anawasha redio.

Siku moja nikamwambia, "Mtu wako kanibadilishia kitu humu ndani."

"Mama, si mtu wangu."

"Kaleta posa. Kama si wako ni wa nani?"

"Basi mwite aje aiangalie."

"Nimwite mwizi aje akague alichoiba?"

Akaenda uani, akaanza kufua mashuka ambayo alikuwa ameyaanua kambani jana yake tu.

Kesho yake, alipokwenda kazini, nikaifunga kompyuta kwa kanga, nikapanda bajaji hadi Raskazone nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Mwenzangu wa zamani wa ofisini alikuwa amenielekeza kwa fundi mwanamke mwenye chumba kidogo nyuma ya shule. Nikamweleza kila kitu, hata lile la mtu wa mbali. Hakucheka. Akaiwasha, akaegemeza sikio kwenye boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta, mafundi huliita pawasaplai, kisha akazima na kufungua.

"Mama, hiki kifaa hakikuja na mashine hii. Kimetolewa kwenye nyingine."

Kumbe sikukosea.

"Na kelele?"

"Ni feni yake. Beringi imelika. Kompyuta ikiwa haina kazi, feni inazunguka polepole, ndipo inapoyumba na kukwaruza. Ukiipa kazi inazunguka kasi, inatulia. Hakuna mtu humu."

"Kwa hiyo kaniibia."

"Hapo mimi sijui, mama. Ila hiki ni kifaa bora kuliko kile ambacho mashine za namna hii hutoka nacho kiwandani. Kilichochoka ni feni tu."

Maneno yake ya mwisho niliyasikia, lakini sikuyachukua. Niliondoka na yale ya mwanzo.

Nilipofika nyumbani nikampigia simu yule kijana aje. Alifika baada ya sala ya alasiri, na binti yangu alikuwa amerudi kutoka kazini muda si mrefu, hajavua hata sare. Sikumkaribisha kiti.

"Kifaa changu cha umeme kiko wapi?"

Akamtazama binti yangu.

"Usimtazame yeye. Nitazame mimi."

"Kiliungua, mama. Hicho kilichomo ni changu, nilikitoa kwenye kompyuta yangu ya kazini."

"Na ya kwako inatumia nini?"

"Imekaa tu. Nafanyia kazi kwenye ya mwenzangu, akimaliza yeye."

"Kwa nini hukuniambia?"

Binti yangu ndiye aliyejibu.

"Mimi nilimkataza. Nilijua barua iko njiani. Ungejua kwamba katoa kitu chake, ungesema anatuhonga, na ungekataa vyote viwili, kifaa na mtu."

Nilitaka kubisha. Lakini ndivyo ningesema, neno kwa neno.

"Na kile kilichoungua?"

Binti yangu akaingia chumbani kwake, akavuta mfuko wa plastiki kutoka uvunguni na kuniletea. Ulikuwa bado unanuka. Wiki zote hizo nilizokuwa nahesabu skrubu, kitu chenyewe kilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu.

Nikamwambia kijana afungue kompyuta mbele yangu, atoe kilicho chake, aondoke nacho. Sikutaka kitu cha mposaji ndani ya nyumba kabla hajajibiwa. Akafungua. Skrubu moja ikamponyoka ikaanguka chini ya kabati, na tukapiga magoti sote wawili kuitafuta. Ilikuwa ile nyeupe.

Siku nne kompyuta ilikaa imekufa, hadi yule fundi wa Raskazone aliponipatia kifaa kingine. Waliokuja kuchapisha niliwarudisha. Siku ya tano nikampigia shemeji.

"Yule kijana si mwizi."

"Kumbe ulimdhania mwizi?"

"Wakubalie."

"Alhamdulillahi. Kuna neno unataka niwafikishie?"

"Waambie huyu wanayemchukua anajua kuficha."

Shemeji alicheka sana. Mimi sikuwa natania.

Jambo moja lilinikera nafsini. Nilikuwa nimemwita mtu mwizi, tena mtu anayekuja kuwa mwanangu. Siku chache kabla ya nikaha alipoleta viti vya wageni, nikamwita kando.

"Baba, kabla hujaoa hapa, kuna kitu lazima nikwambie. Nilikuita mwizi. Hukuwepo, lakini nilikuita. Unisamehe."

"Nimeshakusamehe, mama. Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Aliniambia siku ileile."

Nikageuka. Binti yangu alikuwa mlangoni anapokea viti, anaviegemeza ukutani kimoja kimoja, uso mkavu kabisa, kama mtu asiyesikia chochote. Nikamtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Sasa wanaishi Pangani, na nikiwapigia simu nikauliza kama wote wazima, wakijibu haraka "Wazima, mama," huwa nauliza tena.